Mashimo Manane ya Mwalimu Leopold

Mume wangu Leopold anajua kila kitu isipokuwa kulima, na hilo nalo kwa muda mrefu alidhani analijua. Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja hapa Matiri. Nimemzalia Florian na Lidia, nimempigia pasi suruali zake za kazini, na nimemsikiliza. Kumsikiliza ndiko kulikonichosha kuliko yote.

Alizaliwa hapa hapa, mtoto wa mwisho wa mkulima wa kahawa. Akaenda seminari akiwa bado mdogo, akapanda mpaka seminari kuu, akasoma falsafa miaka mitatu, kisha akarudi nyumbani kabla ya kuanza teolojia. Kwa nini alirudi sijui. Mwenyewe husema wito ulibadilika. Akaajiriwa kufundisha sekondari, akanioa mimi, Devotha wa Kitura, na sasa ana miaka sita tangu astaafu. Upadri aliuacha, falsafa haikumwacha. Wenzake walirudi na nyimbo za Kilatini. Yeye alirudi na Wagiriki wote.

Asubuhi nikimwuliza kama amewafungulia mbuzi, ananieleza habari za wakati. Jana imeshapita, kwa hiyo haipo. Kesho haijafika, kwa hiyo haipo. Iliyopo ni sasa tu, nayo ukitaka kuishika imeshaponyoka. Hayo aliyasoma kwa askofu mmoja wa zamani wa Afrika ya Kaskazini. Askofu huyo simlaumu. Nasikia alikuwa mtu wa sala na machozi, na alihangaika kweli kutaka kuelewa. Mume wangu hakuhangaika. Aliona mahali pazuri pa kujificha, akaingia. Aliahidi kuezeka jiko? Aliahidi jana, na jana haipo. Kahawa itapaliliwa lini? Kesho, na kesho nayo haipo. Waliopo ni mbuzi tu, wanalia zizini.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini akamgusa mama yangu.

Mama yangu, Bonifasia, alianza kunifundisha ngoro nikiwa na miaka minane. Sisi Wamatengo mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, na bila ngoro mvua ingeshusha udongo wote bondeni. Tunakata nyasi, tunazilaza kwa mistari, mingine ya kukatiza mlima na mingine ya kushuka, mpaka itokee miraba. Kisha tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Linabaki shimo, na matuta pande zote nne, na juu ya matuta tunapanda maharage. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kufunika ni ya wanawake, lakini baba yangu alikufa mapema, kwa hiyo mama alizifanya zote mbili na akanifundisha zote mbili.

Nikimaliza shimo, mama alilimwagia debe la maji. Maji yakitulia, tunasogea mbele. Yakipasua tuta, alilibomoa lote kwa teke na kunikabidhi jembe tena. Hakunisifu hata siku moja. Misimu mitatu nililia kwenye mlima ule wa Kitura, na kwenye muundi wa kushoto nina kovu la jembe mpaka leo. Msimu wa nne nililaza miraba bila kamba, kwa macho tu, na maji ya mama yakatulia.

Alifariki miaka minne iliyopita. Wasifu wa kusomwa makaburini aliuandika Leopold, kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo. Nilimwomba jambo moja tu: aandike kwamba marehemu alifundisha ngoro, mimi na wasichana wengine zaidi ya kumi wa Kitura. Aliitikia kwa kichwa vizuri, nikajua amekubali. Katekista Egidi alipoisoma ile karatasi mbele ya watu, ilisema marehemu alikuwa mkulima, hakubahatika kusoma, ameacha mtoto mmoja. Basi. Nilikuwa nimesimama pale na udongo wa kaburi mkononi, nikajiona nimevuliwa nguo hadharani.

Tulipomaliza msiba nilimwuliza kwa nini.

"Mama Florian," akasema, kwa sauti yake ya darasani, "hakuna mtu anayemfundisha mwenzake. Wagiriki walishalimaliza hilo. Roho inakuja duniani na elimu yake, na kujifunza ni kukumbuka tu. Mama yako alikuamsha. Hakukupa kitu."

Katekista Egidi alikuwepo, anakunywa chai. Akamkumbusha kwa upole kwamba Kanisa halifundishi kuwa roho ziliishi mahali popote kabla ya miili. Leopold akahama pale pale. Basi tumfuate yule askofu, akasema, aliyefundisha kwamba Mwalimu wa kweli yuko ndani ya mtu, naye ni Kristo, na mwalimu wa nje anatoa sauti tu.

"Na mapadri waliokufundisha wewe seminari?" nikamwuliza. "Nao walitoa sauti tu?"

Maana hao huwataja kila Krismasi, mmoja mmoja, kwa jina na mwaka wa upadrisho. Akanijibu kwamba hilo ni suala jingine.

Tangu siku ile nilimchukia. Nasema kama nilivyohisi. Nilimpikia, nikamtengea maji ya kuoga, na nikamchukia.

Machi mwaka jana wakaja wageni, walimu saba kutoka chuo kimoja cha mbali, wamekodi gari kutoka Mbinga ili waone ngoro. Leopold ndiye aliyewaita. Aliwasimamisha kwenye shamba letu la juu ya barabara, akiwa na koti la sherehe, akaniambia nilaze miraba bila kamba. Nikalaza.

"Mnaona," akawaambia. "Huyu mama ana darasa la saba tu. Hakuna aliyemfundisha jometri. Sasa hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwa Bonifasia," nikasema. "Mama yangu, wa Kitura."

Wageni wakacheka kidogo, kwa adabu, namna mtu anavyomchekea mtoto aliyesema neno kanisani. Leopold akatabasamu. Akawaeleza kwamba kumbukumbu hupenda kujitafutia sura ya mtu, lakini elimu yenyewe haizaliwi na haifi, haina mahali, haina mama.

Haina mama! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamsogelea nikamtia jembe mkononi.

"Basi hata wewe unayo ndani, Baba Florian," nikasema. "Kumbuka."

Ng'ambo ya bonde, jirani yetu Serafina na wakwe zake wakaacha kulima, wakasimama kutazama. Leopold hakuweza kurudi nyuma. Akavua koti, akaagiza kamba na futi, akafanya kazi mpaka saa nane mchana. Alichimba mashimo manane kutoka juu kushuka barabarani. Nyasi alizilaza vizuri, sitamwonea. Kila mraba ulilingana na mwenzake, na kila tuta lilikuwa na unene ule ule pande zote nne. Akafuta jasho akawahubiria wageni juu ya mraba kamili, ule ulio akilini, usiobadilika, ambao hii ya udongo ni kivuli chake tu. Wakapiga makofi. Wakapiga na picha.

Mimi kosa nililiona tangu shimo la kwanza. Tuta la upande wa bondeni ndilo linalobeba maji, kwa hiyo lazima liwe nene kuliko mengine. Mlima si daftari. Mama angeleta debe lake na kumaliza mjadala. Mimi nilifunga mdomo, na wala sioni aibu kusema hivyo.

Siku ya tatu ikanyesha mvua ya kawaida tu ya Machi. Shimo la juu likajaa, tuta likapasuka, maji yakaangukia la pili, la pili likaangukia la tatu, na ndani ya nusu saa yote manane yalikuwa yameshuka barabarani pamoja na udongo na mbegu zangu za maharage alizokuwa amezipanda juu ya matuta. Mashimo yangu ya pembeni yalikuwa yamejaa maji, yametulia. Leopold alisimama barazani na mwavuli akasema mvua hii si ya kawaida.

Sikuyatengeneza. Nililiacha wazi lile korongo lililochimbwa na maji, juu kabisa ya barabara, na nikalima kulia na kushoto kwake. Vijana wa bodaboda wakapaita Kwa Mgiriki. Abiria wa Mbinga akiulizwa anashukia wapi, anasema Kwa Mgiriki. Nilikuwa nikisikia hivyo nalala vizuri.

Septemba kikaja kijitabu kutoka kwa wale wageni. Picha kubwa ya Leopold na jembe, imepigwa kabla ya mvua, na chini yake maneno juu ya elimu isiyofundishwa. Mimi nimeonekana mgongo. Jina la mama yangu nilipekua kurasa zote, halimo.

Mwaka huu, Machi tena, wageni wakapiga simu: watakuja Alhamisi kuona mashimo ya Mwalimu yanaendeleaje. Simu hiyo ilipigwa Jumapili. Jumatatu asubuhi Leopold akapanda shambani, amevaa mabuti ya Florian, ameshika jembe. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Mama Florian," akasema. "Naomba unisaidie yale mashimo."

"Mashimo gani?"

"Yale ya mwaka jana."

"Mwaka jana umepita," nikamwambia. "Haupo. Unataka tutengeneze kitu kisichokuwepo?"

Nikaendelea kulima. Akanifuata mstari mzima, hatua kwa hatua, mpaka nikachoka na kivuli chake mbele ya jembe langu.

"Sema kwanza nani alinifundisha," nikasema.

Akatazama huku na huku. "Bonifasia," akasema, kwa sauti ya mtu aliye kitubioni.

"Sikusikia. Na sitaki niambiwe mimi, mimi najua. Waambie wale." Nikamwonyesha mlima wa ng'ambo, walikokuwa Serafina na wakwe zake. "Na Alhamisi utawaambia wageni hivyo hivyo, kabla hawajatoa kamera. La sivyo utawaonyesha korongo."

Nilidhani atarudi nyumbani, na nilikuwa tayari arudi. Kisha akavua kofia, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele kwa Kimatengo, bila Mgiriki hata mmoja ndani yake:

"Aliyemfundisha mke wangu ngoro ni Bonifasia! Bonifasia wa Kitura!"

Sauti ikagonga mlima ikarudi. Serafina, ambaye naye alizaliwa Kitura, akanyoosha mgongo na kushika kiuno.

"Tunajua!" akajibu. "Alitufundisha na sisi! Wewe ulikuwa wapi?"

Wakwe zake wakaangua kicheko, na kicheko nacho tukakisikia mara mbili. Leopold akavaa kofia yake. Hakutaja wakati, hakutaja roho. Akaniuliza aanzie wapi.

Nikampa nyengo akate nyasi. Akakata, akalaza, akachimba shimo la kwanza na tuta la bondeni akalinenepesha jinsi nilivyomwonyesha, ila kwa haraka, hakulishindilia. Nilishuka mtoni nikapanda na debe la maji, nikalimwaga lote shimoni. Yakapasua tuta.

Nikalibomoa kwa teke, nikamkabidhi jembe tena.