Samaki wa Mama Mkwe

Kazini walimwita Popo, kwa sababu alikuwa amening'inia kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kusafisha madirisha ya majengo marefu kwa nje, mkanda kiunoni, ndoo ya sabuni ubavuni, na mpira wa kufutia mkononi. Alikuwa hodari. Kioo alichokipitia Popo kilikuwa kama kimeondolewa. Njiwa walikuwa wamejigonga mara mbili wakidhani ni hewa, na siku moja mkurugenzi mzima alijipiga paji la uso akielekea kwenye roshani. Popo alimwomba radhi kwa ishara kutoka nje, lakini moyoni alijisikia kama aliyevishwa nishani.

Ila ukimshusha Popo chini, ukamweka mbele ya mtu bila kioo katikati, maneno yalimkauka. Na hapakuwa na mtu aliyemkausha maneno kama mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa nesi mstaafu wa wodi ya wazazi, na watu walikuwa bado wanamwita Nesi. Sauti yake ilizoea kushindana na vichanga ishirini kwa mpigo. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali hakuweza tena kupanda ngazi za nyumbani kwake. Mke wa Popo akamwambia, "Unakuja kukaa kwetu, mama, na hilo halina mjadala." Akaja. Alikuja na begi kubwa, redio, mkongojo, na tangi la kioo lenye samaki saba wadogo.

Nyumba ilikuwa ya chumba na sebule, watoto wakiwa wameshakwenda kujitegemea. Kitanda cha Nesi kikawekwa sebuleni, tangi mezani karibu na mto wake.

"Nilipostaafu, nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya jirani," alimweleza Popo siku ya kwanza. "Ndipo nikawachukua hawa. Hawasemi, lakini wana mambo! Huyu dume la buluu ni Mwenye Nyumba. Wale wengine ni wapangaji wake. Na kale ka manjano kadogo kuliko wote ni Tone. Tone alikuja hana nusu ya mkia, nikamuuguza mwenyewe."

"Eeh," alisema Popo. Baada ya kufikiri sana akaongeza, "Wazuri."

Wiki ya pili, siku ya mapumziko yake, mkewe alimpeleka mama kliniki kufanya mazoezi ya mguu. Popo akabaki peke yake na lile tangi. Alilitazama akaona aibu. Ukijani ulikuwa umetambaa kwenye kioo. Mawe yamerundikwa ovyo, majani yamejazana kama kichaka, na katikati kumelala chungu cha maua kilichovunjika. Samaki wenyewe ilikuwa lazima uwavizie ndipo uwaone. Na hili ndilo tangi lililokaa nyumbani kwa fundi wa kusafisha vioo!

Hakuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe kwamba amefurahi kuja kwake. Mikono lakini alikuwa nayo. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo na maji yao yale yale ya zamani, akatoa mawe yote, akang'oa majani, akatupa vigae vya chungu uani, akasugua kioo pande zote nne mpaka kikalia. Akatandaza changarawe sawasawa kama kitanda cha hotelini, akarudisha maji, akarudisha samaki. Wote saba wakaonekana kwa mara moja, wanang'aa. Popo akasimama kando, kitambaa begani, akisubiri.

Nesi aliingia na mkongojo wake. Akalitazama tangi kwa muda.

"Kumekuwa kweupe," alisema. "Ahsante, mkwe."

Popo aliishi na maneno hayo siku mbili nzima.

Siku ya tatu vurugu zikaanza. Mwenye Nyumba alisimama katikati ya tangi kama askari wa barabarani, na kila aliyesogea alikimbizwa. Mpangaji alikimbia mpaka mwisho wa kioo, akageuka, na jamaa bado anamwona, basi anarudiwa tena. Mapezi yakaanza kuchanika. Tone alijibanza kwenye kona chini ya bomba la pampu ya hewa, mkia ule ule ulioponywa ukiliwa upya. Jumatatu asubuhi mpangaji mmoja alikutwa anaelea.

Popo alifikiri ni njaa, akaongeza chakula. Mwenye Nyumba akala sehemu yake na ya majirani, akapata nguvu mpya. Popo akamchota kwa chujio la chai, akamtia kwenye ndoo peke yake, akasema sasa basi. Kesho yake mpangaji wa pili kwa ukubwa, ambaye siku zote alikuwa mpole, akakalia katikati na kuanza kuwakimbiza wenzake. Cheo kilikuwa kimepata mtu.

"Mpige faini," alimshauri Mnene, mwenzake wa kazi, walipokuwa wakifunga mikanda kule juu ya paa. Mnene alikuwa mwembamba kama kamba aliyoning'inia nayo.

"Mimi sicheki, Mnene."

"Lini umewahi kucheka? Sikiliza, wewe tatizo lako siyo samaki. Tatizo lako ni mama mkwe. Mwambie ukweli, kwamba mambo uliyavuruga mwenyewe."

Popo alikaza mkanda wake. Kwani alikuwa na uhakika gani kwamba ndiye aliyeyavuruga? Alisafisha tu. Lakini kila akipita sebuleni na kuona lile tangi jeupe, kitu kilimchoma.

Jumatano jioni alimkuta mkewe jikoni, amempa mgongo, anakata vitunguu vingi kuliko walivyohitaji.

"Mama anarudi kwake Jumamosi," alisema bila kugeuka.

"Na ngazi je?"

"Anasema atapanda kwa makalio. Ngazi moja moja." Akafuta macho kwa kiwiko. "Nimemuuliza, mama, nani kakuudhi? Anasema hakuna. Anasema tu, hapa hapatufai, mimi na samaki wangu. Baba watoto, akianguka tena kule, nani atasikia? Na wewe unajua lolote?"

Popo alichungulia mlangoni. Sebuleni lile begi kubwa lilikuwa limeshatolewa juu ya kabati, liko sakafuni wazi, na nguo mbili zimekwisha kunjwa ndani yake.

Alhamisi walipelekwa kwenye jengo la ofisi ambalo Popo alilijua vizuri. Dirisha moja la ghorofa ya saba alilipenda na kuliogopa kwa pamoja. Ndani yake walikaa makarani wawili wa makamo, meza zao zimeelekeana, na kwa mwaka mzima alikuwa akiwaona wakitoleana macho. Kalamu ikianguka, vita. Mmoja akipiga simu, mwenzake anabamiza droo. Mara ya mwisho Popo alishuhudia daftari likiruka. Basi akajishusha taratibu, akijiandaa kwa vumbi la leo.

Akakuta utulivu. Mmoja alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kama mwenye wimbo moyoni. Wa pili alikuwa anakunywa chai. Katikati ya meza zao palikuwa pamesimamishwa kabati refu la mafaili, na pembeni yake mti wa chunguni wenye majani mapana. Mtu akiwa amekaa, hawezi kumwona mwenzake. Kisha yule wa chai akanyoosha mkono kuzunguka kona ya kabati, mkono tu, na kwenye kiganja kulikuwa na biskuti. Mkono wa pili ukatokea, ukaipokea.

Popo akabaki ananing'inia. Sabuni ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"We Popo!" aliita Mnene kutoka kamba ya pili. "Umelala au umekufa? Nijue nimwite nani!"

"Mawe," alisema Popo.

"Nini?"

"Mawe yangu, Mnene! Yako wapi?"

Mnene alisimulia kisa hicho miezi mingi baadaye. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Popo akipaza sauti, na aliyapazia mawe.

Mawe yalikuwa mlangoni kwake, Popo aliyapanga pale watu wafutie viatu. Jioni hiyo aliyaosha moja moja. Vigae vya chungu alivipata uani. Majani ndiyo yaliyompa hofu, lakini alipokwenda alikoyatupa, kwenye mtaro nyuma ya bomba, pale maji yanapochuruzika, alikuta mashina kadhaa yamejishikiza kwenye tope, bado mabichi. Akaingia sebuleni na beseni mikononi, tope mpaka magotini.

Nesi alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, anakunja kanga ya tatu.

"Mama," alisema Popo. Akasimama hapo hapo. Alitafuta kioo cha kuweka kati yao, hakuwa nacho. "Mama, mawe niliyatoa mimi. Na majani. Ni mimi niliyeharibu."

"Najua," alisema Nesi.

"Unajua?"

"Mwanangu, nani mwingine? Au yalitembea yenyewe?"

"Mbona hukusema?"

Nesi akaweka kanga chini. "Ningesemaje? Naingia nakuta umesimama pale, kitambaa begani, unang'aa kama bwana harusi. Kazi yote ile umenifanyia mimi. Halafu nikuambie rudisha uchafu? Nyumba ni yako. Nikaona bora nifunge virago kuliko kukuvunja moyo."

Mkewe Popo alikuwa ametokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Yaani," alisema, "nyie wawili mmenitoa machozi wiki nzima kwa sababu mnaoneana haya?"

Popo alikuwa ameshapiga magoti mbele ya tangi. Alianza kupanga mawe, na sasa hakuyapanga kwa kupendeza. Alishusha kichwa chake usawa wa maji, akajiuliza: nikiwa samaki hapa, namwona nani? Alipoona kona mpaka kona, aliweka jiwe. Alipoona bado, alisimamisha kigae. Akaacha vichochoro vya kuingilia na kutokea, asije mtu akabanwa humo. Majani akayashindilia katikati kama ule mti wa ofisini.

"Yule wa kwenye ndoo mrudishe wa mwisho," alisema Nesi kutoka kitandani, na sauti ilikuwa ile ya wodini. "Mgonjwa msumbufu tulikuwa tunamtoa kidogo, tunahamisha vitanda, ndipo tunamrudisha. Akiingia anajiona mgeni. Mpe siku mbili zaidi humo ndani, na maji umbadilishie."

"Sawa, mama."

"Na chakula tutatia pande mbili kwa wakati mmoja. Wewe kule, mimi huku. Tuone atalinda wapi."

Jumamosi, siku aliyokuwa aondoke, Nesi alimwambia Popo amlete Mwenye Nyumba. Wote watatu wakainama mbele ya kioo. Mwenye Nyumba alitua, akazunguka jiwe la kwanza, akasita. Akaingia kichochoro, akatokea asipopatarajia, uso kwa uso na kigae. Mpangaji mmoja alipita, akamfukuza. Mpangaji akakata kona nyuma ya majani, na jamaa alipofika kona hiyo hakuona mtu. Akasimama kidogo. Akageuka, akaenda kutafuta kitu kingine cha kufanya.

"Kasahau!" alisema mkewe Popo, anacheka.

Walitia chakula, Popo upande mmoja, Nesi upande wa pili. Mwenye Nyumba alikimbilia kwa Nesi. Kwa upande wa Popo, kutoka chini ya kipande cha chungu, kikachomoza kitu cha manjano, mkia nusu, kikadonoa punje moja na kurudi ndani. Kikachomoza tena.

Nesi alikitazama kile kipande cha chungu, kisha akageuza macho kwenye kitanda chake.

"Mkwe," alisema. "Tone umempa pa kujificha. Na mimi je? Nimelazwa katikati ya sebule. Anayekwenda jikoni ananiona, anayekwenda kuoga ananiona, jirani akija kuomba kiberiti ananikuta nimelala mdomo wazi. Kule wodini hata mwenye kujifungua tulimvutia pazia."

Popo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kamba alikuwa nazo, na mafundo ya kushikilia mtu mzima angani alikuwa anayajua. Kabla ya jua kuzama kamba ilikuwa imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na shuka la maua linaning'inia likiteleza bila kukwama. Nesi akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Akatokeza kichwa.

"Hilo begi limekaa vibaya hapo chini," alisema. "Lirudishe juu ya kabati, mtu asije akajikwaa."

Mwenye Nyumba hakugeuka malaika. Mpaka leo akiamka vibaya anamkimbiza mtu, lakini anayekimbizwa ana pa kwenda. Mkia wa Tone unaota taratibu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuning'inia, Popo anasimama upande wake wa tangi na chakula mkononi, na kutoka nyuma ya pazia inakuja sauti, "Haya, mkwe, nipe habari, nani kampiga nani?" Naye anamsimulia. Mkewe, akiwa jikoni, anasema hakujua mumewe ana maneno mengi hivyo.

Tangi bado analisafisha yeye. Anasugua kioo cha mbele mpaka kinatoweka. Vile vitatu vingine anaviacha na ukijani wake.