Kijiko cha Kwanza

Kaka yangu tulimwita Rula, kwa sababu aliandika mabango ya maduka bila kupiga mstari na herufi zikanyooka zenyewe. Siku hizi hazinyooki. Zinaanza kubwa, halafu zinasinyaa. Mwenye saluni alirudisha bango lake akifoka: neno "Saluni" linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, lakini "ya Kisasa" lazima mteja apande ngazi aisome.

Kaka hakuuliza mkono wake una nini. Aliuliza nani kagusa brashi zake.

Mimi dada yake namjua. Akishamshuku mtu, ukimletea shahidi atamshuku na shahidi. Safari hii alimshuku mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akipika pale nyumbani tangu aolewe, maana wifi yangu alishafariki. Tumbo limefunga, alisema, chakula hakina ladha wala harufu, na sasa mkono wa kulia unacheza wenyewe.

"Kuna kitu natiliwa," aliniambia, akifunga kwanza mlango wa karakana. "Kidogo kidogo. Huyu binti si bure."

"Akuue apate nini? Makopo ya rangi?"

"Nyumba," akasema, bila kucheka.

Akaweka sheria. Sahani ikifika mezani, mkwe achote kijiko cha kwanza, atafune, ameze, kaka akimkodolea macho, ndipo naye ale. Binti wa watu alifanya hivyo kila mlo, siku moja hata mbele ya mama yake mzazi aliyekuja kuwasalimia. Nilitamani ardhi inimeze. Mumewe aliangalia meza tu, na hilo lilinikera kuliko yote. Na kwa kuwa binti hakuugua, kaka akazidi kushuku: labda ana dawa ya kujikinga!

Mwishowe akamwita mwanawe, akamwambia achague, mke au baba. Mkwe hakubishana. Alipanga nguo zake kwenye begi, akaliegemeza nyuma ya mlango.

"Twende hospitali upimwe," nikamwambia kaka. "Ikionekana sumu, begi la huyo binti nitalibeba mimi mpaka kwao."

Akakubali haraka. Alitaka ushahidi.

Daktari, mama mmoja mpole, alimtembeza chumbani akitazama jinsi mkono wa kulia usivyopunga kama wa kushoto anapotembea. Akampa kalamu aandike. Herufi zikasinyaa vilevile.

"Choo unapata vizuri?"

Kaka alinitupia jicho, kaona haya. "Kwa shida."

"Tangu lini?"

"Zamani. Mwanangu alikuwa bado sekondari."

"Na kunusa? Wewe ni mtu wa rangi. Harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi, unaisikia?"

"Nimeizoea. Miaka sasa hainisumbui."

Daktari akafungua chupa ya spiriti, akamsogezea puani. Kaka akavuta pumzi ndefu. "Maji," akasema. Mimi niliyekaa karibu na mlango, pua ilikuwa inaniwasha.

Daktari akamwambia haoni dalili ya sumu. Anaona ugonjwa wa Parkinson. Ziko dawa za kuusaidia mkono, na tumbo nalo litatibiwa, ingawa ugonjwa wenyewe hauponi. Akaeleza kwamba kufunga choo na kupoteza harufu huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi. Wataalamu wanashuku kuwa kwa baadhi ya wagonjwa mambo huanzia kwenye utumbo, yakapanda taratibu hadi ubongoni kupitia mshipa wa fahamu, lakini hilo halijathibitishwa.

"Kumbe na wao wanashuku tu," kaka akasema, kama aliyepata wenzake.

"Wanashuku, halafu wanachunguza," akajibu daktari.

Sikuweza kujizuia. "Kaka, mwanao akiwa sekondari, huyu binti alikuwa wapi?"

Aliushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Kwao," akasema. "Hatukuwa tunamjua."

Jioni mkwe alileta sahani. Kabla hatujamwambia lolote, akachota kijiko cha kwanza, akatafuna, akameza, akasimama kungoja ruhusa ya kuondoka.

"Basi, mama," kaka akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Usionje tena. Nilikuonea. Nisamehe."

Binti alimtazama.

"Baba, hunusi. Ladha huisikii. Siku nikikutilia kitu kweli, utajuaje?"

Mumewe aliinua macho kutoka mezani. Mimi nilichunguza uso wa yule binti nione kama anatania, nikakosa pa kushika.

"Sitajua," kaka akasema. Akachukua kijiko kilekile, mkono ukimwaga nusu njiani, akala mpaka sahani ikaisha.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, kaka huchungulia kuona kama lipo.