Kiberiti mbele ya majibu ya maabara

Leo mwanaume mzima kaniwashia kiberiti ili kuyapinga majibu ya maabara.

Mnajua nauza asali hapa Boko. Wiki iliyopita nilipeleka chupa moja ikapimwe, maana wateja wangu wengi ni mama wenzangu wenye watoto wa kikohozi.

Majibu yametoka leo. Ina mabaki ya antibayotiki. Yaani nyuki walipewa dawa, na dawa imebaki kwenye asali.

Nikamwita kaka anayeniletea. Karatasi hata hakuisoma. Akachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, akaiwasha.

"Umeona inawaka, sista? Hii orijino."

"Na njiti imekuambia nyuki wako walipewa dawa gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mie ndiye sijaenda shule, akatoa kichupa mfukoni.

"Ulikosea, ukapeleka ya kwenye ndoo. Ile ni ya kuuza. Ya kupima si ungeniomba hii?"

Kasema mwenyewe, wala sijamlazimisha. Mtoto alikuwa amenilalia mgongoni, la sivyo ningecheka mpaka Bunju wasikie.

Ndoo zake kaondoka nazo. Kuna mwingine analetewa na huyu? Semeni hapa chini.

Na nyie mlionunua kwangu, rudisheni chupa hata kama imebaki nusu, pesa yenu nawapa.

Kama ulishamlambisha mwanao asubuhi, usijilaumu. Hata mie wangu nilimpa.