Vitabu Vilivyofungia Karanga

Mjukuu wangu ana vitabu elfu mbili ndani ya simu, vyote vya bure, na bado analalamika. Hiki herufi zake ni ndogo, kile kinachelewa kufunguka. Amevipanga katika orodha, orodha ameipaka rangi, na katika vyote hivyo amesoma kimoja, tena nusu. Juzi akaniuliza mimi bibi yake: “Kambo, weye ulisomaka bitabu gani wakati ulikuwa mutoto?” Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikashindwa, kwa sababu hasira za zamani zilinipanda upya, na katikati ya hasira hizo nikamwona mama mdogo na kikapu chake. Basi nimekaa kuandika.

Nilizaliwa Kakanda, baba yangu akifanya kazi mgodini. Nilipomaliza darasa la sita nilitumwa mji wa Likasi kuendelea na shule, nikakaa kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya serikali. Mume wake, baba mdogo, alikuwa mpishi katika nyumba za mainjinia wa Kizungu. Mama mdogo mwenyewe aliuza karanga za kukaanga mbele ya mlango wa kiwanda, saa king'ora kinapolia na zamu kupokezana. Hakuwahi kukanyaga darasani. Kuna mwalimu mmoja pia katika mambo haya, nitamfikia, ila sina haraka naye.

Miaka ile Wazungu walikuwa wanaondoka, nyumba hadi nyumba. Walibeba sufuria, walibeba mazulia, kuna mmoja aliyebeba hata vyuma vya mapazia. Vitabu waliviacha kwa sababu ni vizito. Mpishi aliambiwa achukue anachotaka katika kilichobaki, na baba mdogo, ambaye alihurumia kila kitu kinachotupwa, akaja nyumbani na gunia la unga limejaa vitabu. Bure kabisa! Nililirukia. Mama mdogo naye akalirukia, tukagongana vichwa.

Mimi nilikuwa nimeona vitabu. Yeye alikuwa ameona karatasi za kufungia karanga.

Tuligombana siku mbili. Niseme ukweli, nilimwona mshenzi. Alishika kitabu, akafungua katikati, akapitisha kidole gumba juu ya ukurasa, halafu akatoa hukumu. Karatasi nyembamba hapana, mafuta yanapita. Karatasi ya kung'aa hapana, karanga zinatoka jasho. Karatasi ya manjano kidogo, nzito kidogo, hiyo ndiyo. “Hii buku ni muzuri sana,” alikuwa anasema, na mimi nilikuwa natamani kulia, kwa sababu kila mara kilikuwa kitabu nilichokitaka.

Baba mdogo ndiye aliyetuamua. Alisema kitabu kitakuwa changu mpaka nikimalize, na nikishakimaliza kitakuwa cha mama mdogo. Mama mdogo akauliza atajuaje kwamba nimemaliza, yeye asiyejua kusoma. Nikasema nitachora msalaba mkubwa wa makaa juu ya jalada. Kitabu chenye msalaba, achane. Kisicho na msalaba, asikiguse hata kama karanga zinamwagika. Tukakubaliana, na nikiri kwamba hakuvunja neno lake hata mara moja. Kosa lilikuja kufanywa na mtu mwingine.

Basi nikaanza kusoma kwa kufukuzwa. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyesoma hivyo. Naosha vyombo, nasoma. Nachochea ugali, nasoma, na mama mdogo amesimama nyuma yangu na kikapu kitupu. “Haiyaisha?” “Bado.” “Hata ile ya jana?” “Bado, mama!” “Weye unasoma polepole sawa konokono, batu banangoya karanga.”

Na vitabu vyenyewe, ee Mungu wangu. Nani alisema cha bure ni kizuri? Kimoja kilifundisha kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni. Kingine kilikuwa na namna arobaini za kupika sungura. Kulikuwa na sehemu ya pili ya safari ndefu ya meli, na sehemu ya kwanza haikuja kamwe, kwa hiyo niliingia katika hiyo meli watu wote wakiwa wamekwisha kugombana na mimi sijui kisa. Kulikuwa na riwaya za polisi ambazo mwizi anajulikana mwisho, na mwisho panya walikuwa wameutangulia. Nilivisoma vyote. Nilikasirika navyo, nikavisoma. Na katikati ya takataka hizo kilitokea kimoja, viwili, vilivyonifanya nisahau ugali ukaungua.

Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa kinakwenda kuliwa, nilinunuliwa daftari, nikaandika humo orodha. Kila kitabu nilikipa nusu ukurasa: jina lake, kinahusu nini, kiliishaje, na kama ningependa kukisoma tena. Neno hilo la mwisho lilikuwa la kujitesa tu, maana siku chache baadaye kitabu kilikuwa kimeshapita mikononi mwa zamu ya mchana.

Sasa mwalimu. Alikuwa wetu wa Kifaransa, mtu wa abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nyuma ya darasa kulikuwa na kabati la chuma, ndani yake vitabu vya shule vya kusoma, vipya, na ufunguo wake aliuvaa shingoni. Alilifungua wakati wa ukaguzi tu. Sisi tuliambiwa mikono yetu ni michafu. Kupitia upenyo wa mlango niliona migongo ya vitabu imesimama wima, myekundu na ya kijani, ikinitazama mwaka mzima. Siku moja, akicheka, alisema mwanafunzi atakayemwonyesha daftari la vitabu hamsini alivyosoma kweli, huyo atashika ufunguo likizo yote kubwa na kupeleka vitabu nyumbani. Aliposema hivyo aliwatazama wavulana. Mimi nilikuwa na thelathini na saba.

Nilihitaji ufunguo ule kuliko kitu chochote. Magunia ya vitabu yaliyofuata lile la kwanza yalikuwa yanakwisha, maana Wazungu waliobaki mjini walihesabika, na baba mdogo alikuwa anarudi mikono mitupu. Bila kabati, nilikuwa naona mbele yangu miezi miwili ya kumenya karanga bila hata kitabu cha sungura.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga shule nilimaliza cha hamsini. Nikaandika nusu ukurasa wake, na nusu ukurasa huo ulikuwa wa mwisho katika daftari. Hamsini! Nikachukua kipande cha makaa, nikachora msalaba juu ya jalada la kitabu. Halafu, kwa furaha, kwa mazoea ya mkono, kwa upumbavu ambao mpaka leo sijajisamehe, nikachora msalaba juu ya daftari pia. Nikaviweka vyote viwili juu ya sanduku, nikachukua ndoo, nikaenda kupanga foleni bombani.

Niliporudi, juu ya sanduku palikuwa patupu.

Sikumbuki nilivyofika mlangoni mwa kiwanda. Nakumbuka king'ora kilikuwa kimeshalia. Wanaume walikuwa wanatoka kwa mamia, nyuso zimejaa vumbi, na huku na kule mmoja ameshika karanga ndani ya pembe ya karatasi yenye mwandiko wangu. Mama mdogo alikuwa juu ya kigoda chake, anakunja, anajaza, anakunja.

“Mama, unafanya nini? Ile ni daftari yangu!”

Alinitazama bila wasiwasi. “Lakini si iko na musalaba?”

Ningefanya nini? Ningependa sana kumkasirikia, nilikuwa na hasira ya kutosha kijiji kizima, lakini msalaba niliuchora mwenyewe. Nikaanza kukimbilia wanaume. Baba, naomba karatasi. Kaka, kula haraka, naomba karatasi. Wengine walinicheka, wengine walimimina karanga mfukoni wakanipa. Mmoja alikataa katakata. Alikuwa amesimama pembeni anasoma, midomo inacheza.

“Njo weye uliandika hii?” akaniuliza. “Minye nilipataka karatasi ya katikati ya hii histoire, hii hadisi, mu karanga, mwezi ya Pasaka. Tangu ile siku natafuta vile iliisha. Kumbe ule bwana alirudia kwa bibi yake!”

“Ndiyo, alirudi kwa mke wake. Nipe karatasi.”

“Hapana. Hii naenda nayo, bibi yangu naye anangoyaka mwisho.”

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda zake. Nilirudi nyumbani na kurasa tisa zenye mafuta na chumvi. Jumapili sikwenda misani. Nililala nimegeukia ukuta, na mama mdogo alipita mara nyingi nyuma ya mgongo wangu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amefunga kitenge cha sikukuu, kikapu kichwani. Akasema tunakwenda wote. Nilimsihi asije. Niliona aibu, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nitasema na hiyo: niliona aibu kuonekana shuleni na muuza karanga wangu. Alinitangulia njia nzima.

Mwalimu alizishika kurasa zangu tisa kwa ncha za vidole. Akazinusa.

“Hii haiko cahier, haiko daftari,” akasema. “Hii ni buchafu. Nilisema bitabu makumi tano.” Kisha akamgeukia mama mdogo na kumwita raia kwa Kifaransa, jina ambalo serikali ya wakati ule ilitulazimisha tuitane wote: “Citoyenne, mutoto yako anadanganya. Hakuna mutoto mu hii kambi anaweza kusoma bitabu makumi tano.”

Mama mdogo alitua kikapu chini, akakaa juu ya dawati la mbele kama vile ni kigoda chake.

“Mwalimu, minye sijue kusoma. Lakini bile bitabu byote bilipita mu hii mikono yangu. Kamata chaki, uhesabu.” Akanigeukia. “Ya kwanza ilikuwa karatasi ya manjano, inanuka tumbako. Iliuzisha siku ine.”

Nikafumba macho kutafuta. Kisha kitabu kikanijia, kizima. “Ya mjane aliyefungua duka la kofia,” nikasema, na nikaeleza kilivyoanza na kilivyoisha.

“Ya pili, karatasi ngumu, iko na picha ya banyama. Ilipasukapasuka.”

“Ya sungura. Namna arobaini.”

Tukaendelea hivyo, yeye kwa karatasi, mimi kwa maneno. Yeye alikumbuka unene, harufu, rangi, siku ngapi kimefungia. Mimi nilikumbuka nani alikufa na nani aliolewa. Mwalimu alianza kwa kutabasamu upande mmoja. Kufika kumi na tano alikuwa ameacha kutabasamu na anachora mistari ubaoni. Mara mbili alinikatiza kwa maswali ya mtego, nikamjibu. Katika thelathini na kitu nikakwama. Mama mdogo alikuwa ametaja karatasi nyeupe ya herufi ndogo, na kichwani mwangu hakukuja kitu.

“Ile yenye ulilia,” akasema. “Ulikaa pa mukeka ukalia. Ulikwisha kuitiya musalaba, lakini niliiacha siku mbili, juu ya vile nilikuona unaifungua tena. Ile siku niliuzisha karanga mu majani ya ndizi, na batu balinitukana.”

Siku zote hizo nilidhani alikuwa anatazama karatasi tu. Kitabu nikakikumbuka, nikakieleza vibaya, kwa kudokoa, lakini mwalimu hakuniuliza zaidi.

Tulipofika arobaini na tisa alisimamisha chaki. Mama mdogo akafunua kitambaa cha kikapu, akatoa nusu ya kitabu, jalada lake bado lina msalaba wa makaa. “Ya makumi tano ni hii. Haiyaisha kuuzisha.”

Mwalimu alichora mstari wa hamsini ubaoni. Halafu alivua ufunguo shingoni, bila hotuba, na kwake yeye kukosa hotuba ilikuwa kazi ngumu. Nililifungua kabati mwenyewe. Vitabu vilikuwa vipya hata kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana, vimekaa gizani miaka yote hiyo kwa ajili ya wakaguzi. Nilitaka kucheka na kumtukana mtu kwa wakati mmoja.

Mama mdogo alisogea, akachukua kimoja, akafungua katikati. Akapitisha kidole gumba. Nilimjua uso wake: ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kushika, ya manjano kidogo, nzito kidogo. Alipitisha kidole tena, polepole. Kisha akakifunga, akafuta alama ya mafuta kwa ncha ya kitenge chake cha sikukuu, akanipa.

“Bya humu, mama,” akaniambia, “usibitiye musalaba.”