Ringi la Siku ya Saba

Mimi mtoto mchanga simpigii kelele. Nimelea wangu, nimelea wa wenzangu, na nyumba yenye kichanga kwangu ni nyumba ya kunong'ona. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia, jikoni kwake hapa Germantown, Marekani, kwamba mkewe anataka mtoto agongewe kinu cha shaba karibu na sikio akitimiza siku saba, nilimuuliza kama amelala vizuri.

"Ndiyo mila yao, mama. Wanaiita subuu. Misri nzima wanafanya, Waislamu na Wakristo. Wanasema ni ya tangu enzi za Firauni."

"Firauni simtaki kwa mjukuu wangu. Namjua kwenye dini, inatosha."

Mkamwana wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, mtoto kifuani. Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, lakini akilenga hakosi. Akasema bila kufumbua macho, "Mama, na Musa alikulia nyumba ile ile."

Nikarudi kwenye uji wangu.

Uji ndio ulionitia wasiwasi kuliko Firauni. Nilimpikia uji wa pilipili manga, mzito, kama mzazi anavyotakiwa kupikiwa. Akila vijiko viwili anasukuma bakuli. Supu, hivyo hivyo. Maziwa yalianza kupungua, na mtoto akawa analia ile sauti kavu ambayo mtu mzima akiisikia anaweka chini alichoshika. Sababu niliijua. Mama mzazi wa mkamwana wangu alikuwa aje kutoka Misri. Sanduku alishalifunga, na ndani yake kinu cha shaba alichogongewa huyu binti siku yake ya saba. Akanyimwa viza. Binti angelia ningemwelewa. Yeye aligeukia ukuta tu.

Kwetu Tanga tunangoja arobaini. Lakini mzazi asiyekula hangoji arobaini. Nikamwambia mwanangu, "Niambie kinachotakiwa. Hiyo subuu itafanyika, na mama yake ataiona huko huko aliko."

Akanieleza. Mtoto analazwa kwenye chekeche kubwa la nafaka, linatikiswa ili azoee misukosuko ya dunia. Chumvi na nafaka zinarushwa, jicho baya lisipate pa kukaa. Mama mtu anamruka mtoto mara saba huku kinu kikilia, mtoto asije akawa mwoga. Basi nikaona mbona rahisi. Ungo ninao. Chumvi ipo. Na kinu ninacho, cha mti, nilikuja nacho kwenye ndege na mtu wa forodha akakigeuzageuza kama anatafuta mlango wake.

Siku moja kabla tukampigia mkwe mwenzangu simu ya picha. Akatokea mama wa umri wangu, mtandio mweusi, uso wa mtu ambaye muuza nyama hamdanganyi. Nikatwanga mara tatu. Akasema neno. Mwanangu akasita.

"Tafsiri," nikamwambia, "usipambe."

"Anasema huo ni mlango unabishwa hodi."

Nilikasirika, lakini kweli ilikuwa kweli. Kinu cha mti kinasema pu. Kinachotakiwa ni kilie. Mkamwana wangu aliondoka kochini akaenda kulala, na bakuli la uji likabaki limejaa.

Mwanangu akaendesha gari hadi Wheaton, kwenye zile shopping kubwa, akarudi na kinu cha jiwe. Kusaga kinasaga. Kulia hakilii. Akaniambia tunaweza kucheza sauti ya kinu kwenye simu, zipo nyingi.

"Mjukuu wangu hapigiwi redio," nikasema.

Hapo ndipo alipoingia jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kikongo anayetunza wazee. Ameleta mandazi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Koko," ndivyo anavyoniita, ndio bibi kwao, "mutoto amezaliwa, na nyinyi munakaa kama kuko matanga?"

Nikamweleza. Wakati namweleza, macho yangu yalikuwa dirishani, kwake, pale mumewe anapotengenezea magari ya watu. Maringi yamepangwa moja juu ya jingine. Mimi shule niliishia darasa la tatu, baba aliona yanatosha. Mengi ya shule yamenitoka, ila ringi la gari lililoning'inizwa nje ya darasa halijanitoka. Mwalimu alilipiga kwa chuma, nikalisikia niko mtoni, na nikajua nimeshachelewa.

"Yale ya bwana wako," nikamuuliza, "kuna la chuma kitupu?"

"Janti? Kuko mingi. Chagula yako."

Nikavuka barabara na nyundo. Yale yanayong'aa, ya bei, nikiyagonga yanalia kama sinia la plastiki. La chini kabisa lilikuwa na kutu. Nikaligonga, na mbwa wa nyumba ya tatu akabweka.

"Hili."

Mume wa jirani akatoka chini ya gari. "Mama, ile ni ya kamio, iko muzito."

"Naona ni la lori."

"Mutairudisha?"

"Tutaona."

Nililisugua kwa steelwire na sabuni mpaka kutu ikaisha, nikalipaka mafuta kama napaka mtoto. Tukalifunga kwa kanga zangu mbili zilizosokotwa, likaning'inia kwenye uzio wa ngazi sebuleni.

Siku ya saba mwanangu akashika simu. Mkwe mwenzangu alipoliona lile duara akauliza swali.

"Anauliza gari lenyewe liko wapi."

"Mwambie asikilize."

Mtoto yumo kwenye ungo, kitambaa cheupe chini yake. Mama yake amesimama, mweupe kama kile kitambaa. Nikalipiga.

Sauti ilijaa nyumba. Ilipanda ngazi, glasi kabatini zikaitikia. Mtoto akafumbua macho yote mawili, akatanua mikono, na hakulia. Kisha mkwe mwenzangu akaomba tena. Nikapiga tena. Akajifunika mdomo kwa kiganja, akakitoa, akapiga kigelegele. Kile kile chetu, ulimi ule ule. Hapo sikuhitaji mtu wa kutafsiri. Nikampokea, na mama wa Kikongo akanipokea mimi, na mkamwana wangu akainua mguu akaanza kumruka mwanawe, mama yake akimhesabia toka Misri. Walipofika saba nililijua neno bila kufundishwa.

Halafu kuna maneno. Anayepiga anamwambia mtoto amtii nani.

"Anasema useme, msikilize mama yako, usimsikilize baba yako," mwanangu akatafsiri, shingo imemwinama.

Nikasema kwa moyo wote.

"Anasema, na usimsikilize bibi mzaa baba."

Nikashusha nyundo. "Amesema hivyo, au umeongeza wewe?"

"Amesema, mama."

Nikamtazama mkwe mwenzangu kwenye simu. Uso umekaza, macho yanacheka. Nikapiga ringi. "Wewe mtoto. Msikilize mama yako. Usimsikilize baba yako. Bibi zako wote wawili wasikilize, hata wakikutuma huku na huku kwa wakati mmoja."

Mwanangu akatafsiri. Mkwe mwenzangu alicheka hadi simu yake ikaonyesha dari.

Jirani Mmarekani wa ukuta wa pili alikuja kuuliza kama kuna kitu kimelipuka. Aliondoka na mfuko wa karanga na pipi, zawadi ya wageni wa subuu.

Na yule mzazi, akiwa bado anahema kwa kuruka, akakaa chini akaniambia, "Mama, uji upo?"

Alimaliza bakuli. Akaomba la pili. Mama yake kule alihesabu kila kijiko kwa macho, hakukata simu mpaka bakuli likawa jeupe. Siku ile mtoto alinyonya hadi titi likamtoka mdomoni lenyewe kwa usingizi, na ile sauti kavu hatukuisikia tena.

Wiki iliyofuata mume wa jirani akaja kuuliza habari za janti yake. Nilimkaribisha chai. Nikamweleza kwamba dada wa Kimisri wa mtaa wa nyuma ameliazima, na mwingine wa Manassas anangoja zamu, ana mimba kubwa.

Akanywa chai polepole. "Basi, Mama, sasa iko yenu."

Lilikuwa letu tangu mbwa alipobweka.