Paja la Jogoo Mzee

Jino langu la kwanza liling'olewa kwa uzi mweupe, nikalia mtaa mzima ukasikia. Leo nimesikia harufu ya supu ya kuku hapa Temeke, nikaukumbuka uzi ule, na uzi ukanipeleka kwenye paja la jogoo wa utotoni mwangu.

Mgeni alikuja kumposa shangazi, na shangazi alimtaka kweli, mpaka alisuka nywele upya. Akachinjwa jogoo mzee, mie nikaachiwa chungu. Nikachoma kidari kwa kijiti, kikaingia chenyewe. "Imeiva!" nikapiga kelele. Sikujua kwamba kidari cha kuku hakifanyi kazi, utando wake mwembamba, huiva upesi. Paja limekimbia maisha yote, nyuzi zake ngumu zinataka moto mrefu.

Paja akapewa mgeni, ndiyo heshima yetu. Akavuta kwa meno, nyuzi nyeupe zikagoma.

"Huyu jogoo katoka Gongo la Mboto kwa miguu?"

Bibi akacheka. "Vumilia, mwanangu. Na huyu binti yangu ndivyo alivyo."

Mgeni hakucheka. Akanawa mikono, akasema anakwenda kununua sigara mara moja.

Shangazi akalirudisha paja chunguni, akachochea kuni, ili mgeni akirudi alikute laini. Hakurudi.