Mkate wa Ulanzi

Juliana wa "Mama Juliana" ni mimi, kwa hiyo nina haki zaidi ya kusimulia habari za mama yangu kuliko majirani wa Mlandege, ambao kila mmoja anadai alikuwapo. Mimi nilikuwapo kweli, mgongoni mwake, ingawa nadhani nilikuwa nimelala.

Mama, Benedicta, alikuwa Mhehe wa Ifunda aliyeolewa mjini Iringa. Baba, Silvester, alifanya kazi ya barabara, na barabara ikishamchukua mtu humrudisha inapotaka yenyewe. Mama aliposhikwa na uchungu wa kunizaa, baba alikuwa mbali, Igawa. Aliyebaki naye ni jirani, Bi Zuwena, mke wa Mzee Seif, Mwarabu mwenye duka la mafuta ya taa. Bi Zuwena alinipokea kwa mikono yake, akanifunga katika kanga mpya ambayo hakuidai tena. Wakati huo mama alikuwa ameshafiwa na mama yake mzazi. Tangu siku ile akahesabu kwamba amepata mwingine, na alimshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili, kanisani, kwa sauti ya kusikika.

Bi Zuwena ndiye aliyemfundisha kuoka mikate ya Kiarabu. Mama akatafuta mfinyanzi amtengenezee tanuri, kama mtungi mkubwa usio na shingo, akalizika nusu ardhini nyuma ya jiko. Unawasha kuni ndani mpaka kuta zishike moto, unatandaza donge la unga juu ya kimto kigumu cha nguo, kisha unaingiza mkono na kuubandika mkate ukutani upesi kabla hujaungua. Mama aliishi na kufa bila kinyweleo hata kimoja kwenye mkono wa kulia, na aliringa nao.

Mwaka wa hamsini na saba Ramadhani iliangukia katika masika. Mfungo ulikuwa umeanza tu, Bi Zuwena akateleza kwenye tope uani kwake, akavunjika mkono wa kulia. Mama alikwenda kumpa pole, akamwambia, "Mikate ya futari niachie mimi, Bi. Wewe pumzika tu."

Ikawa kila alasiri anaoka nyumbani kwetu, na mikate inakwenda kwa Mzee Seif, mingine msikitini kwa wasafiri na maskini. Alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amepata njia ya kulipa wema usiolipika.

Kisha mvua zikakata barabara ya Morogoro, na hamira ikaisha madukani. Mama hakubabaika. Ulikuwa msimu wa ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa asubuhi na kuanza kuchemka wenyewe kabla ya jioni. Ukikaa unakuwa mkali na wanaume wanaanza kugombana. Ule wa asubuhi ni mtamu, unaitwa mtogwa, na kwetu hata mtoto anayetambaa anapewa. Mama alikandia unga kwa mtogwa. Mikate ikaumuka vizuri kuliko ya hamira. Watu msikitini wakasifu, sifa zikamfikia Bi Zuwena, naye akaja mwenyewe, mkono shingoni, kusema ahsante.

"Mikate imekuwa myepesi kama pamba," alisema. "Na hamira hakuna mji mzima. Umetia nini, mwanangu?"

"Ulanzi, Bi," mama akajibu, huku akitabasamu. "Ule mtogwa, wa asubuhi hii hii."

Bi Zuwena akavuta ukaya wake kichwani, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Jioni baba, ambaye mvua zilikuwa zimemrudisha nyumbani, alipoelezwa aliweka kijiko chini. "Benedicta, umewafuturisha watu wa msikiti kwa pombe."

"Mtogwa si pombe."

"Kwetu si pombe. Kwa wenzetu, kinachochemka ni pombe hiyo hiyo."

Mama alilia. Hakulilia aibu, ingawa aibu ilikuwapo. Alilia kwa sababu alijua Bi Zuwena hatakula tena kitu kilichopita mkononi mwake, na mama wa pili hapatikani mara mbili. Kulipokucha alikwenda dukani, akapiga magoti mbele ya Mzee Seif, akasema yote. Mzee alimsikiliza, akamwambia atamuuliza mwalimu wa msikiti. Jibu lilirudi kwa mpita njia: waliokula hawakujua, hawana dhambi, na aliyepika hakukusudia. Lakini Bi Zuwena mwenyewe hakuja wala hakutuma salamu. Futari ikapikwa kwingine, na tanuri letu likakaa baridi mpaka mwezi ulipoandama.

Asubuhi ya Idi mama alikuwa anafagia uani alipomwona Bi Zuwena anaingia, amevaa nguo mpya, mkono bado shingoni, na kibonge kimefungwa katika kitambaa kibichi.

"Lete chombo chako cha kukandia," alisema. "Na maji ya moto mengi."

Akamsimamia mama akisugua chombo mpaka mbao zikabadilika rangi. Akamsimamia akisugua kimto cha kubandikia, kisha yeye mwenyewe akakitupa na kusema kishonwe kingine. Ndipo akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na donge la unga wa jana, limechacha.

"Hii ndiyo chachu. Kila ukikanda, bakiza donge kama hili uchanganye kesho. Hapo huhitaji hamira wala mianzi yenu."

Wakakanda, wakangoja, wakawasha tanuri. Wanawake wa mtaa wakaanza kujikusanya kwenye ua, kila mmoja na sababu yake ya kupita, wakitaka kuona kama mke wa Mzee Seif atakula. Mkate wa kwanza ulipobanduka, mama aliuweka kwenye sahani safi mbele ya Bi Zuwena, akarudi nyuma.

Bi Zuwena hakuugusa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa, na mtu wa dini yake hali kwa mkono wa kushoto. Nyumbani alilishwa na mumewe, si mwingine. Mama alisimama tu, hajui la kufanya.

"Mama Juliana," Bi Zuwena akasema, "mkate unapoa."

Akafungua kinywa, akamngoja mama amlishe.